Hazina Impasayo Mhusika wa Daraja la Kwanza

Utangulizi

Kila mara wanachuo warudipo kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, huja na swali moja ambalo vitabu vya saikolojia havilijibu kikamilifu: je, mtoto anayeanza kujitahidi atunzwe kwa kitu gani? Wengine hutoa penseli, wengine huamuru apigiwe makofi, wengine huandika sifa kwa wino mwekundu chini ya hesabu zake. Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kupitia mchezo. Mchezo wenyewe ni ule wa safari za kubuni, ambamo kila mchezaji hujitwalia mhusika na kusema na kutenda kwa niaba yake. Swali letu ni dogo: mhusika aanzaye safari apewe hazina gani, ili mchezo umfurahishe leo na umfurahishe pia kesho?

Yamkini msomaji akaona kwamba mambo ya mapango na mazimwi hayana nafasi katika jarida la mbinu za kufundishia. Tunamwomba avumilie kidogo. Mtu aongozaye mchezo huu hufanya kila jioni kazi ile ile aifanyayo mwalimu: hupima uwezo wa walio mbele yake, huwawekea vikwazo wanavyoviweza kwa taabu, kisha huamua watoke na nini mikononi. Akikosea katika hilo la mwisho, mchezo hufa, tena hufa upesi kuliko somo, maana hakuna kengele wala mahudhurio ya kuwazuia wachezaji wasiondoke.

Mchezo Wenyewe

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Wachezaji wachache huketi pamoja. Mmoja wao, ambaye hapa tutamwita mwongozaji, huieleza nchi ya kubuni, pamoja na magofu yake, mapango yake na viumbe wakaao humo. Kila mmoja wa waliobaki huwa na mhusika wake, kama vile mpiganaji, mchawi au mwizi, naye husema mhusika huyo afanya nini. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, na dadu iliyo kuu ina nyuso 20. Hakuna mshindi mmoja. Ama kundi lote hufaulu, ama lote huaibika.

Wahusika hupanda madaraja kadiri wanavyopata uzoefu. Yule wa daraja la kwanza ni dhaifu kweli kweli. Kwa kanuni za mwaka 1974, mchawi wa daraja hilo aliweza talasimu moja tu, na uhai wake ulipimwa kwa dadu moja ya nyuso sita. Hivyo aliweza kuanza safari akiwa na pointi moja tu ya uhai. Katika kanuni hizo hizo, sarafu ya dhahabu iliyoletwa salama kutoka pangoni ilihesabiwa kuwa pointi moja ya uzoefu, na mpiganaji alihitaji pointi 2,000 ili afike daraja la pili. Kwa hiyo hazina haikuwa pambo. Ndiyo iliyokuwa ngazi yenyewe.

Toleo la tano la mchezo huo, lililotoka mwaka 2014, limebadili mambo. Kwa kanuni zake dhahabu haileti tena pointi za uzoefu; pointi 300 zatosha kufika daraja la pili, nazo hutokana hasa na mapambano. Je, hazina imekosa kazi? Sivyo. Imebakiwa na kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kumfurahisha mchezaji na kumfikirisha.

Kosa Letu

Tulipoanza kuuongoza mchezo huu pamoja na wanafunzi sita wa darasa la tano, siku za Jumamosi, hatukuwa na dadu ya nyuso 20. Tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya boksi, tukavitia katika kopo tupu la maziwa, na kila mtoto akachota kimoja zamu yake ilipofika, kisha akakirudisha. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Ilipokaribia jioni tulitaka watoto waondoke wakiwa na hamu ya kurudi. Basi tukamjalia mvulana mmoja, aliyekuwa mpiganaji, upanga wa moto uliomwangusha adui yeyote kwa pigo moja. Watoto wote wakapiga vigelegele, nasi tukarudi nyumbani tukijisifu.

Jumamosi ya pili mvulana yule alishinda mapambano yote. Jumamosi ya tatu tulimwona msichana mmoja, ambaye mhusika wake alikuwa binti wa mfinyanzi, akichora maua kwenye ukingo wa daftari. Tulipomwuliza afanya nini pangoni, alijibu, "Namngoja huyu amalize." Mwenye upanga naye hakuwa na raha. Alituambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nashinda tu. Sasa nifanye nini?"

Badala ya kulisikiliza swali hilo, tuliongeza ukubwa wa maadui. Tulileta zimwi lililoweza kuuhimili ule upanga. Na kwa kuwa lilikuwa kubwa kiasi hicho, pigo lake moja lilimwua binti wa mfinyanzi, ambaye hakuwa na upanga wowote. Mwenye mhusika huyo alikunja daftari lake bila kusema neno. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu ndilo lililotufundisha. Hatukumwua mhusika yule siku tulipolileta zimwi. Tulimwua siku ile ya kwanza, tulipotoa zawadi kubwa kwa mtu mmoja bila kujiuliza wenzake watabaki na kazi gani.

Hekima ya Paa

Laiti tungekumbuka hadithi tulizolelewa nazo, tusingekosea hivyo. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 mna kisa cha maskini aliyekuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akanunua paa. Majirani walimcheka, kwa kuwa mtu asiye na chakula chake mwenyewe amejitwisha mdomo wa pili. Lakini paa yule alikuwa akisema kama binadamu, na siku moja, akiwa malishoni, aliona almasi kubwa.

Wanachuo wengi wanakijua kisa hiki, lakini huenda hawakuzingatia aliyoyafanya paa baada ya hapo. Hakumpelekea bwana wake ile almasi. Aliwaza kwamba mtu fukara akionekana na mali kama ile ataulizwa ameipata wapi. Akisema ameiokota hatasadikiwa, na akisema amepewa hatasadikiwa vile vile, na mwisho wake atauawa. Basi akaichukua kwa sultani wa nchi ya mbali, iwe zawadi ya kumposea bwana wake binti wa sultani huyo.

Hapa pana kanuni mbili za utoaji wa hazina. Ya kwanza ni kwamba mali iliyozidi kimo cha mtu haimwinui, bali humhatarisha. Ya pili ni kwamba hazina bora ya mwanzo haikuwa almasi, bali ni thumuni, na kile kilichonunuliwa kwayo. Thumuni ilimlazimu maskini achague, na uchaguzi wake ndio uliozaa kisa. Angaliokota almasi mwenyewe pale jaani, pasingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Sifa za Hazina Njema

Kutokana na makosa yetu, na kutokana na kanuni zenyewe za mchezo, tumefikia maoni kwamba hazina ya mhusika mchanga yafaa iwe na sifa nne.

Kwanza, iwe kitu cha kutendea kazi, isiwe namba ya kuongeza tu. Tuchukue mfano wa hazina ipendwayo sana na waongozaji wavivu, yaani upanga unaoongeza moja juu ya kila namba ya dadu ya shambulio. Katika dadu ya nyuso 20, nyongeza hiyo hugeuza kukosa kuwa kupata mara moja tu, kwa wastani, katika kila marusho 20. Mtoto aweza kucheza mchana kutwa asione tofauti. Linganisha na fimbo isiyosogea, ambayo imo katika kanuni za toleo la tano. Ukibonyeza kitufe chake, fimbo hubaki pale pale ilipo, hata ikiwa hewani, nayo huweza kubeba ratili 8,000, yaani takriban kilo 3,600. Ina faida gani? Kitabu hakisemi sana. Mtoto mmoja ataifanya komeo la mlango, wa pili ataikanyaga kama kipandio cha ngazi, wa tatu ataisimamisha ndani ya kinywa cha joka ili lisiweze kufumba. Upanga ule unajibu swali. Fimbo hii inauliza.

Kitu cha namna hii si lazima kiwe na nguvu nyingi. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017 kina vitu vingi vya ajabu vilivyo hafifu mno: mshumaa usiozimika ndani ya maji, fimbo itoayo sauti za ndege, viatu viachavyo nyayo za kiumbe wa kabila lingine, joho lipeperukalo hata pasipo upepo. Hakuna hata kimoja kinachoshinda vita. Vyote vyaweza kupewa mhusika wa daraja la kwanza bila kumpita kimo, na tumeona watoto wakivipangia hila kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kuupangia upanga wa moto.

Pili, iwe na mpaka. Dawa ya kuponya majeraha hunywewa mara moja ikaisha, kwa hiyo mchezaji hana budi kuamua ainywe lini na ampe nani. Hapa tunatoa tahadhari itokanayo na uzoefu. Mtoto apewaye kichupa kimoja tu hukihifadhi mpaka mhusika wake afe nacho mfukoni, kama vile mgeni anavyotunza sahani za harusi ambazo hazili chakula kamwe. Mpe viwili. Cha kwanza atakitumia kwa kuwa anacho cha pili, na akishaona faida yake atajifunza kukitumia hata kile cha mwisho.

Sarafu nazo zifuate kanuni hii. Katika toleo la tano kichupa cha dawa hiyo hugharimu sarafu 50 za dhahabu, na deraya kamili ya chuma hugharimu 1,500. Kundi la wachezaji wanne wakipata sarafu 60 wana mjadala mzito mbele yao: wanunue kichupa kimoja, au wagawane 15 kwa kila mtu, wapate kamba, mafuta ya taa na chakula cha njiani? Wakipata sarafu 6,000, mjadala umekwisha. Kila mmoja atanunua deraya yake, na hesabu haitafanywa tena. Fedha kidogo huzaa uchaguzi, na fedha nyingi huufuta. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja faida ya jambo hili.

Tatu, iwafae wengi. Hazina imwinuayo mtu mmoja huwageuza wenzake kuwa watazamaji. Lakini ramani iliyochanika, ambayo kila mhusika ameokota kipande chake, huwalazimu wote waketi pamoja. Hali kadhalika punda wa kubebea mizigo, ufunguo usiojulikana ni wa mlango gani, au ahadi ya msaada kutoka kwa mvuvi waliyemwokoa. Vitu hivi havina uchawi wowote, wala mwongozaji hahitaji kitabu ili kuvibuni.

Nne, itokane na hadithi ya mhusika mwenyewe. Binti wa mfinyanzi hakuhitaji upanga. Tulipokwenda kumwomba msichana yule arudi, na kumwomba radhi mbele ya wenzake, tulimwambia kwamba mhusika wake alikuwa amezimia tu, na kwamba alipozinduka aliona udongo mweupe usio wa kawaida pangoni. Akauliza kama udongo huo wafinyangika. Tukamjibu kwamba wafinyangika, ila hauchomeki kwa moto wa kuni. Hapo yule mvulana akasema, "Upanga wangu una moto." Wakauchoma ule udongo kwa moto wa upanga mpaka moto ukaisha, na upanga ukawa upanga wa kawaida. Wao wenyewe ndio waliosahihisha kosa letu, na mvulana hakuonekana kujuta.

Walichokipata ni chungu kisichojaa. Kwa Jumamosi tano zilizofuata hawakuzungumza habari nyingine. Walikitumia kukausha maji yaliyoziba njia. Walikitumia kunasa moshi. Siku moja walibishana kwa nusu saa kama chungu chenye lita 200 ndani yake kitakuwa na uzito wa kilo 200 au uzito wa chungu kitupu. Tuliwaachia waamue wenyewe, kwa sharti kwamba uamuzi wao uwe kanuni mpaka mwisho wa safari. Waliamua kwamba uzito haupotei, ingawa uamuzi huo uliwadhuru wenyewe, kwa kuwa haukuwa "haki" kubeba bahari kichwani.

Pingamizi

Yako mambo matatu tunayotarajia kupingwa. La kwanza ni kwamba watoto hufurahi zaidi wapatapo kitu kikubwa. Ni kweli, nasi tulivisikia vigelegele. Lakini furaha ya kupokea ni ya dakika chache, na furaha ya kutumia ni ya miezi. Mwongozaji, kama mwalimu, hulipwa kwa vigelegele vya siku ile ile, na kwa sababu hiyo hushawishika kutoa kingi mno mapema mno. Yampasa ajihadhari na ubinafsi huo uliojificha katika ukarimu.

La pili ni kwamba mchezo huu una uchawi ndani yake. Huko Marekani pia, katika miaka ya 1980, wazazi wengi waliupinga kwa sababu hiyo. Wazazi wasidharauliwe, waelezwe kabla ya mchezo kuanza, na wakipenda waje kutazama. Mwongozaji aweza kuyaacha kabisa mambo ya talasimu. Ufunguo, ramani na punda vyatosha kwa safari ndefu.

La tatu ni uhaba wa vifaa. Sisi tulitumia kopo, boksi na kalamu ya risasi.

Mafunzo kwa Darasa

Turudi sasa kwenye penseli na wino mwekundu. Mwaka 1973, nchini Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora. Kundi la pili walichora, kisha wakapewa cheti bila kutarajia. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Siku zilipopita, watoto walioahidiwa cheti walitumia katika kuchora karibu nusu tu ya muda uliotumiwa na wenzao. Wale waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu.

Tunaona kwamba matokeo hayo yanalingana na tuliyoyaona kando ya kopo la maziwa. Zawadi iliyotangazwa kabla ya kazi huigeuza kazi kuwa bei ya zawadi. Zawadi iliyokutwa njiani, tena iliyo chombo cha kuendelea na safari, huifanya kazi iendelee. Mtoto aliyesoma vizuri kitabu cha kwanza asipewe peremende; apewe kitabu cha pili. Aliyepima vizuri urefu wa darasa akabidhiwe ile futi kamba, aende akapime uwanja pamoja na wenzake wawili. Na mtoto akaaye nyuma, achoraye maua kwenye ukingo wa daftari, aulizwe mhusika wake ni nani kabla hatujampa upanga mwenzake wa mbele.

Hitimisho

Kwa kifupi, tunawashauri wanachuo watakaojaribu mchezo huu katika vikundi vya baada ya masomo watoe hazina ndogo, yenye kazi na mpaka, ifaayo kundi zima, na iliyotokana na yale watoto wenyewe waliyoyaleta. Wakisha kuitoa wanyamaze, wasieleze matumizi yake. Na wakikosea, kama sisi tulivyokosea, wasiongeze ukubwa wa zimwi. Waende wakamwombe radhi yule ambaye hakuja, kisha wamwulize udongo huu aufanye nini.